Dumu la Kushoto

Gari lilinunuliwa mnadani, bila funguo,
rangi ya majani makavu, namba ya jeshi imekwanguliwa
ikabaki kama kovu la ndui.
Landrova. Kioo cha mbele unakilaza kwenye boneti
kikalala kama mtu aliyechoka kusikiliza.
Baba alilivuta kwa kamba hadi Mikanjuni.
Mama akasimama mlangoni: "Na hili nalo linakula nini?"
"Petroli," akajibu. "Na subira."

Nyuma lilikuwa na vikapu vitatu vya chuma,
kila kimoja dumu moja, lita ishirini.
Si haya ya njano ya mafuta ya kula
tunayopangia foleni bombani.
Haya ya chuma: mishikio mitatu mgongoni,
ili watu wawili wabebe moja lililojaa
au mkono mmoja ubebe mawili matupu;
kifuniko cha komeo, kikifungwa kinasema tak.

Kila alfajiri, kabla ya chai,
aliyagonga kwa kifundo cha kidole.
La kulia: dup.
La kati: dup.
La kushoto: ngaaa.
Ndipo anawe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, spana nazijua kwa namba.
"Baba, la kushoto liko tupu."
"Najua."
"Nilijaze?"
"Hilo si letu. Hilo la Kihiyo."

Mafuta hayakuwa shida tena.
Kituo Chumbageni, kituo Pongwe, kituo Muheza,
vijana wenye sare wanakufutia kioo hujaomba;
lakini yeye hakwenda hata Amboni
bila lita arobaini mgongoni.
Fundi Semboja alimwonya: "Mhina, umejifunga bomu kiunoni.
Bodaboda mmoja akikuvaa kwa nyuma
tutakuokota kwa kijiko."
Baba akakaza bizimu ya mkanda. Akawasha.

Dumu la kushoto lilipiga kelele njia nzima,
mkonge huku, mkonge huku, na ngaa, ngaa, ngaa,
shangazi zangu wakicheka kwenye benchi za nyuma:
debe tupu haliachi kuvuma!
Likizo moja nikakata kipande cha tyubu kuukuu,
nikakichomeka kati ya dumu na chuma.
Tukafika Maramba kimya kimya.
Baba akazima gari. Akashuka. Akakichomoa kile kipande,
akanitia mkononi, bila ukali,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Mengine niliyasikia vipandevipande,
yeye yuko chini ya gari, mimi nampa spana,
maana uso kwa uso hakusema:
ng'ambo ya Kagera, mvua, tenki limekauka,
Kihiyo akachukua dumu, akasema nusu saa.
Bunduki akaiacha kitini,
kwa kuwa likijaa litataka mikono miwili.

"Kwa hiyo hili ndilo dumu lake?"
Miguu ya baba ilitulia.
"Hili nimenunua Gofu, kwa wauza vyuma chakavu.
Lake alikwenda nalo."
Kisha: "Nipe kumi na tatu."

Mwaka jana, arobaini ya baba haijapita,
akaja mtu kutoka Dar, mkusanyaji wa magari ya zamani,
viatu vyeupe uani kwetu, kwenye grisi.
Akalizunguka. Akapiga picha. Akayagonga madumu
(nani alimfundisha?)
dup, dup, ngaaa.
"Haya mawili yamwage, dada, ni hatari.
Yakiwa matupu yote yanakuwa pambo zuri."
Akataja bei. Mama alitazama pembeni.
Nikamwambia gari lina safari.

Halikuwa na safari. Sasa linayo:
kesho naenda Horohoro, sina ninachofuata huko.
Nimejaza la kulia, nimejaza la kati, lita arobaini,
mikono yangu inanuka kama yake.
Kwenye sanduku la spana nimekikuta kile kipande cha tyubu,
kimekauka, kimepasuka kingo.
Nikakipima kwenye kikapu cha kushoto. Bado kinaenea.

Nikakirudisha sandukuni.
Nikashika bizimu,
nikaulegeza mkanda tundu moja.